Umeme wa mwezini: sola, fyusheni na zile wiki mbili za giza

Kila ikija mada ya binadamu kwenda kuishi mwezini swali la umeme halikawii, na likishaulizwa tu watu wanagawanyika pande mbili, wa sola na wa fyusheni, yaani nyuklia ya kuunganisha atomu. Wa sola wanasema jua lipo, la bure, halina mawingu, mnataka nini tena. Wa fyusheni wanasema udongo wa mwezini una heliamu-3, aina adimu ya gesi ya heliamu, mafuta ya nyuklia ya kesho, kilo moja tu inatoa umeme wa kutisha, sasa ya nini kuhangaika na paneli. Wote wana hoja za kweli kabisa ila wanabishania wingi wa nishati, na mwezini nishati haijawahi kupungua hata siku moja. Kinachopungua ni uwezo wa kuvuka usiku, na uwezo wa kubeba uzito kutoka duniani. Ukishaweka hayo mawili mezani huu ubishi unabadilika sura, na anayeshika zamu ya usiku anakuwa mtu wa tatu ambaye wengi hawamtaji.

Tuanze na jua. Kule juu kila mita ya mraba inayolitazama jua moja kwa moja inapokea wati 1,361 hivi, hakuna hewa ya kunyonya mwanga, hakuna wingu, hakuna mvua. Paneli nzuri za vyombo vya anga zinageuza karibu asilimia 30 ya mwanga huo kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa wati 400 na kidogo, na inakupa hizo hizo saa baada ya saa, siku baada ya siku, ilimradi uigeuze ilifuate jua. Paneli zenyewe ni nyepesi, za siku hizi zinakunjwa kama mkeka zikifika zinafunguka, hazina injini ndani, hazina mafuta. Vumbi la mwezini ni kero ya kweli, chembe zake ni kali kama vioo vilivyosagwa na zinang'ang'ania kila kitu kwa sababu zina chaji ya umeme, ila ni kero ambayo mainjinia wanaijua na wanaifanyia kazi. Kwa upande wa mchana kwa kweli hakuna cha kubishana, sola imeshinda.

Sasa njoo kwenye usiku, hapa ndo hesabu zote zinavurugika. Mwezi unajizungusha polepole sana, toka jua lichomoze mahali fulani mpaka lichomoze tena hapo hapo ni siku 29 na nusu za duniani, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwezi inapata mwanga karibu siku 15 alafu giza karibu siku 15. Kwa saa ni kama 354 za giza mfululizo. Na huko usiku ukiingia sio kwamba kunapoa kidogo tu, karibu na ikweta ya mwezi mchana ardhi inafika nyuzi joto 120 za Selsiasi na usiku inashuka mpaka nyuzi 130 chini ya sifuri na zaidi, yaani wakati huna jua ndo wakati huo huo unahitaji umeme wa kupasha vitu joto ili visigande na kupasuka.

Hebu tupige hesabu moja taratibu. Chukua kituo kidogo cha watu wachache, kina mitambo ya hewa, maji, taa, maabara, mawasiliano, magari ya kuchaji, tuseme kinakula kilowati 40 muda wote. Kilowati 40 mara saa 354 ni kilowati-saa 14,160 za kuvuka usiku mmoja. Betri nzuri za lithiamu zinabeba karibu wati-saa 200 kwa kila kilo, kwa hiyo unahitaji kilo 70,800, tani 70 na ushee za betri, na hapo hujaweka akiba, hujaweka makasha, hujaweka mfumo wa kuzikinga na baridi. Chombo cha Apollo kilichowashusha wanaanga mwezini, pamoja na mafuta yake yote, kilikuwa na tani 15 hivi. Maana yake ni zaidi ya vyombo vinne vya namna ile vimejazwa betri tupu, hamna mtu, hamna chakula, hamna hata paneli za kuzichaji hizo betri. Mtu akikwambia sola mwezini ni rahisi muulize kwanza usiku anaupitaje.

Na hili sio jambo la kwenye karatasi tu, limeshatokea. Julai 1969 Apollo 11 waliacha kipima mitetemo kinachotumia umeme wa sola, kikafanya kazi kama wiki 3 kikanyamaza. Novemba mwaka huo huo Apollo 12 wakapeleka vifaa vyao na jenereta ndogo ya nyuklia inaitwa SNAP-27, ndani yake plutoniamu-238 inayojipasha joto yenyewe kwa kuoza polepole, inatoa wati 70 hivi tu. Wati 70 ni kidogo mno lakini zilikuwepo mchana na usiku, na vile vifaa viliendelea kutuma data mpaka 30 Septemba 1977 vilipozimwa kwa amri kutoka duniani. Karibu miaka 8 dhidi ya wiki 3, na mwezi ni ule ule. Kimoja kilitegemea umeme wa jua, kingine hakikulitegemea.

Karibuni tena Chandrayaan-3 ya India ilitua 23 Agosti 2023, ikafanya kazi nzuri sana kwa mchana mmoja wa mwezini, usiku ulipokaribia ikalazwa, na jua liliporudi walijaribu kuiamsha haikuitika. Haikuwa imetengenezwa ivuke usiku kwa hiyo huwezi kusema ilifeli, ilimaliza kazi yake. Japani nao Januari 2024 chombo chao SLIM kilitua kikiwa kimegeuka vibaya, paneli zinatazama magharibi, betri ikaenda ikielekea kuisha wakakizima, baada ya siku kadhaa jua liliposogea upande huo kikaamka, alafu kikavuka usiku mara 3 bila mtu kutarajia. Inatia moyo, ila ni bahati na vipuri vigumu, huwezi kujenga makazi ya watu juu ya bahati.

Watu wa sola wana jibu zuri kuhusu usiku, na jibu hilo ni ncha ya kusini. Dunia yetu imeinama digrii 23 na nusu ndo maana kuna misimu, mwezi wenyewe umeinama digrii 1.5 tu. Matokeo yake ukisimama karibu na ncha ya mwezi jua halipandi utosini wala halizami moja kwa moja, linazunguka kwenye upeo wa macho likikutazama kwa pembeni. Ukiwa bondeni hulioni kabisa, ukiwa kilimani unaliona muda mwingi sana, kuna sehemu kwenye kingo za kreta (shimo kubwa la kugongwa na vimondo) ya Shackleton na miinuko ya jirani ambazo zinapata jua zaidi ya asilimia 80 ya mwaka. Giza linakuwa la siku chache badala ya wiki 2. Rudi kwenye kituo chetu cha kilowati 40, giza refu likiwa siku 3 unahitaji kilowati-saa 2,880, betri za tani 14 na kidogo. Bado ni mzigo ila ni mzigo unaobebeka.

Kwa sababu jua linakuja kwa pembeni, paneli za huko hazilazwi chini zinasimamishwa wima juu ya milingoti, na kadiri mlingoti unavyokuwa mrefu ndo unavyoruka vivuli vya vilima. NASA imekuwa ikifadhili milingoti ya aina hiyo ya mita 10 hivi. Na vivuli vya huko ni virefu kupita maelezo, kilima kilicho kilomita nyingi mbali kinaweza kukukatia umeme, na paneli za jirani yako zinaweza kukukatia vile vile. Hapa mimi naona kuna ugomvi unakuja ambao watu hawauongelei vya kutosha, maana hizo sehemu nzuri ni chache, nyingine ni vipande vya mita mia kadhaa tu, nchi nyingi zinavitaka, na mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha ardhi ya mwezi. Anayetangulia kusimamisha mlingoti hajawa mmiliki lakini anayefuata akija kumkingia jua itakuwaje.

Alafu kuna kitu kingine. Sababu kubwa ya kwenda ncha ya kusini ni barafu, na barafu iko ndani ya kreta ambazo hazijaona jua kwa mabilioni ya miaka. Mwaka 2009 NASA waligongesha chombo kwenye kreta ya Cabeus makusudi, vumbi lililoruka likaonyesha maji. Ndani ya kreta za namna hiyo baridi inafika karibu nyuzi 240 chini ya sifuri. Maana yake jua liko juu kwenye kingo, kazi iko chini gizani, katikati kuna mteremko wa kilomita kadhaa, unahitaji nyaya ndefu au namna ya kurusha umeme kwa leza. Inawezekana, ila sio tena ile sola rahisi tuliyoanza nayo.

Sasa fyusheni. Ni kuunganisha viini vya atomu nyepesi mpaka viwe kiini kizito zaidi, na kwenye kuungana huko nishati kubwa sana inatoka, ndo moto unaowaka ndani ya jua lenyewe. Duniani njia inayoshughulikiwa zaidi ni kuunganisha deuteriamu na tritiamu, ndugu wawili wa haidrojeni, na ili waungane kwenye mitambo ya majaribio kama ITER unahitaji plazma, yaani gesi ya moto mkali, ya nyuzi joto kama milioni 150 iliyoshikwa na sumaku isiguse ukuta wowote. Kisayansi imeshathibitika inawezekana. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya NIF kule California walipiga kidonge cha mafuta kwa leza za megajuli 2.05 wakapata megajuli 3.15, mara ya kwanza kutoa zaidi ya leza zilizoingia. Sio habari ya kubeza hata kidogo. Ila leza hizo zenyewe zilivuta kwenye gridi kama megajuli 300 ili ziwake, na mtambo wa JET wa Uingereza kwenye majaribio yake ya mwisho ya 2023 ulitoa megajuli 69, ambazo ukizigeuza ni kilowati-saa 19 za joto. Mpaka leo hakuna kinu cha fyusheni hata kimoja popote kinacholisha umeme gridi.

Na huo ndo ukweli wa duniani, ambako una maji ya kupoza, una barabara, una fundi akiita kipuri kinakuja. ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, una uzito wa tani 23,000 na lengo lake ni kutoa megawati 500 za joto kwa kuingiza 50, na hautazalisha umeme, ni wa utafiti. Ratiba yake iliyosahihishwa 2024 inaweka kuanza utafiti 2034 na kutumia deuteriamu na tritiamu 2039. Roketi kubwa kabisa zinazotengenezwa sasa zinalenga kushusha mwezini tani 100 hivi kwa safari, piga hesabu mwenyewe tani 23,000 ni safari ngapi. Kuna kampuni zinatengeneza vinu vidogo zaidi kwa sumaku mpya zenye nguvu na nawatakia heri kwa moyo wote, ila hata kikiwa kidogo mara kumi bado ni mzigo wa kutisha.

Kitu ambacho hakisemwi kabisa ni kupoza. Mtambo wowote wa joto lazima utupe joto lililobaki mahali fulani, duniani tunalitupa kwenye maji au hewani. Mwezini hamna maji ya kupitisha wala hewa, njia pekee ni kulimulika angani kupitia mabapa makubwa, radieta. Tuseme una kinu cha megawati 500 za joto, theluthi moja umeigeuza umeme, megawati 333 unazitupa. Bapa lenye joto la nyuzi 227 linamulika kama kilowati 3.2 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita za mraba 100,000 za radieta, hekta 10 nzima zenye mabomba ya moto ndani, zikipigwa na vimondo vidogo vidogo bila kupumzika. Mtu aliyekimbilia fyusheni akidhani anakwepa mashamba ya paneli anajikuta analima shamba la radieta.

Ok, heliamu-3, maana najua ndo moyo wa hoja. Upepo wa jua, yaani chembe zinazorushwa na jua, umekuwa ukiipiga ardhi ya mwezi kwa zaidi ya miaka bilioni 4, na kwa vile mwezi hauna angahewa wala usumaku wa maana, chembe za heliamu-3 zinaingia kwenye udongo na kubaki. Dunia inakingwa kwa hiyo sisi tunayo kidogo sana. Wanasayansi wa chuo kikuu cha Wisconsin waliiandikia hoja 1986 wakikadiria kama tani milioni moja kwenye udongo wa mwezi wote, na Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyetembea mwezini na Apollo 17 mwaka 1972, ameitetea kwa miaka mingi. Ukiiunganisha na deuteriamu inatoa nishati nyingi na neutroni (chembe zinazopiga na kuharibu kuta za kinu) chache kuliko ile njia ya tritiamu, kwa hiyo kinu hakiharibiki haraka na takataka za mionzi zinapungua. Yote haya ni kweli.

Lakini tani milioni moja zilizotawanywa kwenye mwezi mzima ni umaskini mkubwa ukishika koleo. Udongo mzuri, ule wa nyanda nyeusi zenye titani nyingi, una heliamu-3 kama sehemu 10 kwa kila bilioni moja, pengine 20. Tuchukue 10. Tani nzima ya udongo inakupa miligramu 10. Ukitaka kilo moja unachimba na kuchakata tani 100,000, eneo la hekta 2 hivi kwa kina cha mita 3. Na kuitoa inabidi upashe udongo joto mpaka nyuzi 700 hivi ndo gesi iachie. Kupasha tani moja ya udongo kwa kiasi hicho ni kama kilowati-saa 175 za joto, unaweza kurudisha sehemu yake kwa kupasha udongo unaofuata lakini sio yote. Huo moto wa kwanza unatoka wapi? Kwenye mipango karibu yote niliyoiona unatoka kwenye vioo vya jua. Yaani hata njia ya heliamu-3 inaanza na jua.

Hebu tuiweke tani ile moja ya udongo kando ya mita moja ya mraba ya paneli. Miligramu 10 za heliamu-3 zikiungua zote zinatoa kama kilowati-saa 1,640 za joto, ukigeuza asilimia 40 unapata umeme wa kilowati-saa 656. Paneli ya mita moja ya mraba, wati 408 kwa saa 354 za mchana, inatoa kilowati-saa 144 kwa kila mchana wa mwezini. Kwa hiyo ndani ya michana 5 paneli imeshaipita tani ya udongo, na mwezi unaofuata ipo pale pale inaendelea, wakati udongo ule umeshakamuliwa hauna tena kitu mpaka upepo wa jua uujaze upya kwa mamilioni ya miaka. Hesabu hii nimeipenda sana kwa sababu inaondoa ile picha ya kwamba heliamu-3 ni dhahabu iliyolala juu ya ardhi.

Ukiitazama kwa upande mwingine nayo inafundisha. Kilo moja ya heliamu-3 ni kilowati-saa milioni 164 za joto, ingekilisha kile kituo chetu cha kilowati 40 kwa zaidi ya miaka 150. Kituo kinahitaji gramu 5 na kitu tu kwa mwaka. Sasa mtu anayehitaji gramu 5 za mafuta kwa mwaka ana shida ya mafuta kweli? Hana. Shida yake ni mashine. Sifa kubwa ya fyusheni ni mafuta yenye nguvu nyingi kwa kilo, na hicho ndo kitu ambacho kituo cha mwezini hakina upungufu nacho. Ni kama kuwa na mafuta ya taa ya karne nzima wakati taa yenyewe haijatengenezwa.

Na taa hii ni ngumu kuliko ile ya kawaida, maana deuteriamu na heliamu-3 zinataka joto mara kadhaa zaidi ya deuteriamu na tritiamu, kwa hiyo mtambo wa njia rahisi haujakamilika na wewe unaomba wa njia ngumu. Deuteriamu yenyewe upepo wa jua hauiachi kwenye udongo kwa kiasi cha maana, utaibeba kutoka duniani au uitafute kwenye barafu. Na usafi wake sio kamili, deuteriamu kwa deuteriamu nazo zinaungana pembeni zikitoa neutroni, kwa hiyo ukuta wa kukinga mionzi unabaki palepale. Anayeihitaji heliamu-3 kwa sasa hivi ni watu wa mafriji ya baridi kali ya kompyuta za kwantumu na watu wa vifaa vya kunusa neutroni, na kuna kampuni ya Marekani, Interlune, ambayo inapanga kuichimba kwa soko hilo. Hilo ni wazo la biashara linaloeleweka, ila halina uhusiano na kuwasha taa mwezini.

Sasa yule mtu wa tatu, fisheni, kupasua kiini kizito cha urani badala ya kuunganisha vyepesi. Watu wengi wakisikia nyuklia ya mwezini wanachanganya hivi viwili, na vichwa vya habari vinasaidia kuchanganya, wakati moja imekuwa ikizalisha umeme duniani tangu miaka ya 1950 na nyingine bado. Fisheni imeshafika mpaka angani, Aprili 1965 Marekani walirusha kinu kinaitwa SNAP-10A kikafanya kazi siku 43 kwenye mzingo wa dunia. Machi 2018 NASA na wenzao wakajaribu kinu kidogo kinaitwa KRUSTY huko Nevada, kikaenda kwa nguvu kamili saa 28 na kila walipokifanyia vurugu za makusudi kilijirekebisha chenyewe. Baada ya hapo NASA ikaomba kampuni zibuni kinu cha mwezini chenye masharti haya: kilowati 40, uzito usiozidi tani 6, kifanye kazi miaka 10 bila kuguswa na mtu.

Simama hapo kwenye tani 6. Kilowati 40 zile zile za kituo chetu, betri za usiku mmoja tani 70, kinu tani 6, na kinu hakijali ni usiku au mchana, ni ikweta au ncha, ni kilimani au ndani ya kreta ya barafu. Nikiulizwa kwa nini mashirika ya anga yanang'ang'ania nyuklia wakati jua ni la bure, jibu langu ni hizo namba mbili tu. Mwaka 2025 lengo la Marekani likapandishwa mpaka kilowati 100, kinu kiwe tayari kurushwa 2030, na China na Urusi nao wana mpango wa kinu chao kwa ajili ya kituo chao cha pamoja katikati ya miaka ya 2030. Tarehe hizo zinaweza kusogea kama tarehe zote za anga zinavyosogea, ila ni mashine ambayo fizikia yake haina swali tena.

Fisheni nayo ina mzigo wake, sitaki kuipamba. Inahitaji radieta, ndogo lakini zipo. Inahitaji kukaa mbali na watu, kama kilomita moja, au kufukiwa kwenye udongo wa mwezi ambao kwa bahati ni kinga nzuri na upo mwingi. Hofu ya watu ni roketi kulipuka ikiwa na urani, na hiyo hofu naielewa, ila urani mpya ambayo kinu chake hakijawashwa ina mionzi midogo sana ukilinganisha na kinu kilichokwisha kufanya kazi, na mpango ni kukiwasha kikiwa kimeshatua. Kwa miaka ya mwanzo naona mchanganyiko ambao ni wa kawaida kabisa: paneli kubeba mchana na kazi nyingi, kinu kidogo cha fisheni kubeba usiku na maisha ya watu, betri za kuziba mapengo ya masaa.

Baada ya hapo ndo panaponivutia zaidi, maana udongo wa mwezi una silikoni karibu asilimia 20 kwa uzito pamoja na aluminiamu ya kutengeneza nyaya, na kampuni ya Blue Origin ilitangaza 2023 kwamba imetengeneza seli za sola kwa udongo bandia unaofanana na wa mwezini. Ukiweza kutengeneza paneli huko huko, uzito wa kubeba unashuka sana, na usiku wenyewe unapata dawa nyingine kabisa. Mzingo wa mwezi kwenye ikweta ni kilomita 10,900 hivi, kutandaza paneli na nyaya duara zima ni kazi ya vizazi, lakini sogea mpaka latitudo 85 duara linakuwa kilomita 950 tu, na kwenye latitudo 88 ni kama 380. Duara la namna hiyo nusu yake iko juani muda wote na unapeleka umeme kwa waya upande ulioko gizani. Sio lazima hata duara zima, vituo vitatu vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kwenye miinuko, na waya katikati, tayari karibu kila saa kuna kimoja kinachoona jua.

Kwa hiyo fyusheni siku ikikomaa itakuta mwezini kuna mshindani ambaye hahitaji mafuta wala radieta za hekta 10, na itabidi ijitetee kwa viwanda vikubwa sana vya megawati mia kadhaa, sio kwa makazi. Pale isipokuwa na mpinzani ni mbali zaidi, maana ukifika Jupita mwanga wa jua umebaki kama asilimia 4 ya tulionao hapa, ukifika Zohali umebaki asilimia 1, na huko hakuna mlingoti utakaoupandisha hata uwe mrefu vipi.